Mlango wa Kushoto

"Nimetua. Njoo unichukue."

Hapo ndipo tulipomwacha Dereva wiki iliyopita, kasimama katikati ya gereji ya shemeji yake, simu kaishika mbali na uso kama mtu aliyeokota kaa la moto. Simu yenyewe ilishaanguka, sikio lake likafa, sasa haizungumzi ila kwa spika. Kwa hiyo sauti ya Mzee haikuingia sikio moja. Ilijaa gereji nzima.

Mzee alikuwa arudi kesho, si leo.

Na gari la Mzee, lile la kijivu analolipenda kuliko viatu vyake, lilikuwa mbele yao limefunikwa magazeti kuanzia taa za mbele hadi za nyuma. Mlango wa nyuma wa kushoto, mlango anaopandia Mzee mwenyewe, haukuwa na rangi. Ulikuwa na praima tupu, ile rangi ya chini, imepauka kama uso wa mtu aliyetoka kuugua.

"Uko wapi?" Mzee akauliza.

Dereva alimtazama Fundi, shemeji yake. Fundi akatikisa kichwa, maana yake hata hakuijua mwenyewe.

"Niko njiani, Mzee."

"Ndiyo maana nakupenda, kijana wangu. Sijawahi kukuita nikakukuta umelala. Niko hapa nje, penye mabenchi."

Simu ikakatika.

"Njiani!" Fundi alisema. "Njiani na gari lipi? Hili lililovaa magazeti?"

"Ulitaka nimwambie nini, shemeji? Kwamba gari limelazwa?"

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, au fundi wako wa rangi alilifunikia kioo, nikukumbushe kwa ufupi. Dereva aliwahi kufungwa kwa ajili ya gari la mtu. Aliapa kwamba aliliazima tu, hakuna aliyemsikiliza. Alipotoka hakuna aliyemtaka. Mzee peke yake ndiye aliyemwekea ufunguo kiganjani, akamwambia neno moja: "Siku utakayolitoa gari hili bila ruhusa yangu, usinieleze sababu. Weka ufunguo mezani uende zako."

Kisha Mzee akasafiri kwenda kutibiwa macho. Alfajiri moja dada yake Dereva, ambaye ndiye mke wa Fundi, akashikwa na uchungu kabla ya wakati. Hakukuwa na gari lingine. Dereva akalitoa la Mzee bila kuuliza. Njia ya kwa Fundi ni nyembamba, geti la bati la jirani limechomoza, na mlango wa kushoto ukachanwa kuanzia kwenye kitasa hadi karibu na tairi. Waliusikia wote ule mlio. Hakuna aliyegeuka kutazama.

Mtoto alizaliwa hai, mdogo wa kutosha kiganjani. Mpaka leo yumo katika chumba cha joto hospitalini, na mama yake hatoki hapo.

Basi kilichobaki kwa Dereva ni ufunguo ule. Akiupoteza, atakuwa tena yule mwizi wa magari.

"Sikiliza," Fundi alisema. Alikwisha kuvaa kitambaa chake puani. "Tuna tumaini moja. Macho ya Mzee."

"Macho yake?"

"Si alikwenda kwa sababu haoni?"

"Haoni kabisa! Kabla hajaondoka alikuwa akisalimia nguo zilizoanikwa."

"Basi. Mimi sihitaji kupiga rangi ya maonyesho. Nahitaji rangi ya mtu asiyeona. Napiga sasa hivi. Rangi hukauka upesi, klia, ile ya kung'arisha juu yake, ndiyo mkaidi. Ila klia ikikaa kidogo tu haitashika vumbi. Mradi asiiguse mtu."

"Na mimi nimwambie nini?"

"Foleni. Nani aliwahi kubishana na foleni?"

Dereva akatoka nje kupiga simu, na ndani wakabaki wawili. Fundi, na mama mkwe wake.

Huyu ni mama mzazi wa Dereva na wa mke wa Fundi. Alikuwa ameketi juu ya kreti karibu na mlango wa gereji, kikapu cha uji wa binti yake magotini. Alikuwa hapo tangu asubuhi akisubiri mtu wa kumfikisha hospitali, na hakutaka kumsumbua yeyote. Kila aliyepita, yeye alimwambia, "Endelea na kazi, mwanangu, mimi sina haraka." Alikuwa na haraka sana. Aliimeza.

Fundi alifungua kopo la rangi. Rangi ile aliihangaikia. Gari la Mzee limekaa juani miaka mingi, kijivu chake si kile tena cha kiwandani, kwa hiyo Fundi alikwenda dukani na kifuniko cha tangi la mafuta mfukoni ili kipatikane kijivu kilekile kilichochoka. Muuza rangi aliacha chai yake ipoe, akatoka naye hadi barabarani, wakalinganisha juani, wakaongeza tone la nyeusi, wakalinganisha tena. Hakuna aliyemtuma kufanya vile.

Kwa kawaida Fundi huufuta mlango kwa thina kabla ya kupuliza. Asubuhi aliufuta vizuri sana. Sasa alipoutazama aliona unang'aa kidogo, akadhani ni unyevu, akapitisha kitambaa kikavu mara moja. Mzee alikuwa kwenye benchi. Nani angefuta mara ya pili?

Kompresa ikanguruma. Akapuliza mkono wa kwanza wa rangi, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia.

Rangi ikatulia. Ikapendeza. Mama akasema, "Mashallah."

Kisha ikaanza kukimbia.

Hapa kukatokea kitundu cha mviringo. Pale kingine. Rangi ilijivuta pembeni kama mchuzi uliodondokewa na mafuta, ikaacha praima inachungulia. Fundi alisogeza uso. Vitundu vikaongezeka mbele ya macho yake, vidogo kwa vikubwa, mlango mzima ukawa kama mtu mwenye tetekuwanga.

Fundi alijua maana yake. Kitu kimoja tu hufanya hivyo. Mafuta.

Alishusha kitambaa puani akanusa. Chini ya harufu ya rangi kulikuwa na harufu nyingine, tamu, ya chumba cha mtoto.

Akageuka polepole.

Mama alikuwa ameketi vilevile, lakini juu ya uji sasa palikuwa na kopo dogo la mafuta ya kujipaka, limefunguliwa.

"Mama," Fundi alisema. "Asubuhi nilipokwenda kuchukua rangi, kuna mtu aliugusa mlango?"

"Niliugusa mimi, baba." Alitabasamu kama mtu aliyeulizwa nani kafagia. "Ulikuwa umepauka, masikini. Nikaupaka mafuta kidogo. Nikausugua mpaka yakaingia."

Fundi alilitazama kopo.

"Ni ya mjukuu," Mama akaendelea. "Nilimnunulia siku ileile. Lakini wauguzi hawaniruhusu kumgusa. Namtazama kwenye kioo tu, ngozi yake kavu, na mimi mikono inaniwasha. Nikaona basi, hata huu mlango. Si ndio uliomfikisha?"

Wasomaji wangu, ninyi mnaojua maana ya mkwe mnaelewa. Mtu hamwambii mama mkwe wake, "Umetuua." Haambiwi hata kwa macho. Fundi aliangalia vitundu vyake, akamwangalia tena mama yule mwenye mikono inayowasha.

"Umefanya vizuri, Mama," alisema. "Asante."

"Kuna mengine yamebaki. Nikuongeze?"

"Hapana, Mama. Yanatosha."

Dereva akaingia mbio. "Nimemwambia foleni, ameamini, ameni..." Akanyamaza. Alikuwa ameuona mlango.

"Hii nini?"

"Imeharibika," Fundi alisema.

"Imeharibikaje? Shemeji, hii nini?"

"Kompresa imetema maji."

"Kompresa!"

"Ni mbovu. Nilijua mbovu. Ningeikagua."

Dereva alishika kichwa. "Nilikupa roho yangu uipige rangi, wewe unaniletea kompresa mbovu? Wewe ni fundi au mpika maandazi? Nilimpeleka mkeo hospitali nikiwa pekupeku, shemeji! Pekupeku! Na hivi ndivyo unavyonilipa?"

"Mwanangu, taratibu," Mama alisema.

"Usiingilie, Mama, hujui mambo ya rangi."

"Kweli, sijui," Mama alijibu, akafunika kopo lake.

Fundi alisimama kichwa chini. Angeweza kujitoa kwa neno moja tu. Hakulitoa.

"Ifute upige upya," Dereva alisema, sauti imeshuka.

"Mpaka ikauke, ipigwe msasa, ifutwe, praima tena. Si leo."

"Basi?"

Simu ikalia. Mzee.

"Kijana wangu, usihangaike na foleni. Nimepata teksi, tuko njiani kuja. Geuza gari, tukutane nyumbani."

Dereva alifumba macho kwa shukrani. Nyumbani! Gari litakuwa uani, limetulia, na Mzee atapita na ukungu wake aingie ndani alale. Kesho ni siku nyingine. Fundi naye akainua kichwa.

"Na sikiliza habari njema," Mzee akaongeza, akicheka kabisa. "Yule daktari ni malaika. Jicho la kulia amelitoa ukungu wote. La kushoto bado limefunikwa, ni la safari nyingine. Lakini hili la kulia! Nasoma mabango ya barabarani. Nahesabu kunguru. Kijana wangu, naona mpaka nywele za masikioni za dereva wa teksi!"

Simu ikakatika.

Hakuna aliyecheka.

"Hata lile tumaini moja," Fundi alisema.

Walichana magazeti na utepe wa gundi kwa mikono yote. Fundi akapuliza klia juu ya vitundu, si kwa sababu ingesaidia, bali kwa sababu mtu hawezi kusimama tu. Kisha wakapanda, Mama na kikapu chake kiti cha mbele, maana nyumba ya Mzee iko njiani kuelekea hospitali.

Sijui kama umewahi kuendesha gari lenye rangi mbichi. Huwezi kukimbia, vumbi litashika. Huwezi kwenda nyuma ya lori. Huwezi kupita karibu na mtu mwenye nguo pana. Waliendesha kama wanaosindikiza jeneza. Muuza maziwa mwenye baiskeli akawapita, akawageukia, akawapa pole.

Walifika kabla ya Mzee. Ua wa Mzee una ukuta mrefu upande mmoja, na kibaraza chenye meza ndogo anapowekea miwani. Dereva alilisogeza gari mpaka ubavu wa kushoto ukakaribiana na ukuta, nafasi ya mkono tu ikabaki. Walipotaka kushuka, wote ikabidi watokee mlango wa kulia, Mama akipitia juu ya gea kwa heshima zake zote.

"Akiuliza?" Fundi alisema.

"Kivuli. Nimelisogeza kivulini."

Wakatazama. Upande ule wa ukuta ulikuwa juani kabisa, hakuna kivuli.

Teksi ikaingia.

Mzee alishuka akiwa na kitambaa cheupe juu ya jicho la kushoto na la kulia limefunguka kama la mtoto anayeonyeshwa dunia. Aliwatazama mmoja mmoja. Akamshika Dereva mabega.

"Kumbe una kovu hapa shavuni! Miaka yote hii unanipakia na kunipakua sijui kama una kovu. Na mvi! Nani kakupa mvi, wewe mtoto mdogo?"

"Ni kazi, Mzee."

"Kazi gani? Mimi nilikuwa safarini!" Akacheka. "Na huyu ni mama yako? Mnafanana pua. Karibu, mama. Wote karibuni."

Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa kitu kidogo cheupe.

"Nilimkumbuka dada yako. Si alikuwa mjamzito? Pale hospitali kuna mama mmoja mgonjwa mwenzetu anafuma ili asifikirie macho yake. Nikamwomba anifumie kofia. Akijifungua salama, mvalisheni, mwambieni imetoka kwa mtu aliyekuwa haoni."

Dereva aliipokea. Ilikuwa ndogo, lakini kwa kichwa kile kilichoko chumba cha joto ilikuwa kubwa sana. Alitaka kusema amekwisha kujifungua. Angesema lini? Angesema alifikaje?

"Asante, Mzee," alisema.

Mzee alikuwa amekwisha kumpita. Alikuwa anakwenda kwenye gari lake, mikono nyuma, kama mtu anayekwenda kumtazama ng'ombe wake baada ya safari.

"Loo. Kumbe kijivu chako kizuri hivi?" alisema. Alipapasa boneti. "Na umeliosha. Lakini mbona umelibana ukutani? Gari linaomba msamaha?"

"Kivuli, Mzee."

Mzee alitazama jua. Akatazama ukuta. Akatazama gari. Jicho lile jipya halikuwa na haraka.

"Na hii?" Alibandua kitu kwenye ukingo wa kioo cha nyuma. Kipande cha utepe wa gundi, na kona ya gazeti imeshikamana nacho.

Fundi alificha mikono yake nyuma.

Mzee alizunguka nyuma ya gari. Kati ya ukuta na ubavu wa gari mtu hapiti, lakini mkono unapita. Akauingiza, akapapasa, akautoa.

Vidole vyote vinne vilikuwa vya kijivu.

"Rangi," Mzee alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Mbichi."

"Ndiyo."

"Ulilitoa?"

"Nililitoa."

"Mimi nilikuruhusu?"

"Hapana, Mzee. Alfajiri ile..."

"Nilikwambia nini kuhusu sababu?"

Dereva alifunga mdomo.

Fundi akajitokeza mbele. "Mzee, kosa ni langu, mimi ndiye..."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni fundi wa rangi."

Mzee aliinama, akaliweka jicho lake zima kwenye ule mwanya, akatazama muda mrefu.

"Basi kazi yako ni mbaya sana."

"Ni kweli, Mzee," Fundi alisema.

Hapo ndipo Mama alipoweka kikapu chini.

"Mzee mwenzangu, usimseme hivyo," alisema kwa upole. "Huyu mkwe wangu ni fundi mzuri. Mlango aliuacha safi kabisa. Mimi mwenyewe niliupaka na mafuta juu yake, nikausugua vizuri, uone."

Akalitoa kopo kulionyesha.

Dereva alilitazama kopo. Akaangalia mlango. Akamgeukia Fundi taratibu, na kila neno alilomtupia kule gereji likarudi likamkaa kifuani. Maandazi. Pekupeku. Unanilipa.

"Shemeji," alisema.

"Kompresa," Fundi alinong'ona, akitazama chini. "Ilikuwa kompresa."

Mama hakuelewa kitu. Alibaki ameshika kopo lake, anatabasamu nusu, akisubiri aambiwe amefanya vizuri.

Dereva alikwenda kibarazani. Alitoa ufunguo mfukoni, akaufuta kwa shati lake, akauweka juu ya meza ndogo. Akaunyoosha vizuri, kama anavyouweka kila jioni. Kisha akaiweka kofia nyeupe pembeni yake, kwa sababu aliona hana haki nayo tena.

"Nashukuru kwa yote, Mzee," alisema. "Kwa kuniamini. Mimi sijui kuaminiwa, nafikiri."

Mzee alikuwa amegeuza uso. Yule anayeona kwa jicho moja, ukisimama upande wake wa kitambaa hujui kama analia au amekasirika.

Dereva akaanza kutembea kuelekea getini.

Na simu yake ikalia.

Aliipokea bila kufikiri, na spika ikafanya kazi yake.

"Kaka!" Ilikuwa dada yake. "Kaka, uko na gari? Mtoto hapumui vizuri! Anabadilika rangi! Wanasema apelekwe hospitali kuu, huku hawana mashine, na gari la wagonjwa limetoka halijarudi. Njoo na lile gari, kaka! Lile ulilonileta nalo alfajiri ile! Njoo upesi!"

Sauti ilijaa ua wote kama ilivyojaa gereji. Ilimfikia Mama, ikamfikia Fundi, ikamfikia na mtu aliyekataza kuelezwa sababu.

Fundi alikuwa wa kwanza kusogea. Alikimbilia meza, kisha akasita, mkono hewani. Ule haukuwa ufunguo wake.

Dereva aliyesimama getini aliutazama kwa mbali. Hata yeye haukuwa wake.

Mzee akauchukua. Vidole vyake vya kijivu vikaacha alama juu ya meza.

"Amezaliwa lini?" aliuliza.

"Alfajiri ile, Mzee," Dereva alisema.

Mzee alipumua kwa kishindo. "Neno langu silirudishi. Nilisema ukilitoa bila ruhusa unaweka ufunguo mezani. Hutaligusa." Akafungua mlango wa usukani. "Pandeni. Naendesha mimi."

"Mzee, daktari amekuruhusu?"

"Hakuniuliza. Pandeni!"

Waliingia kwa mlango wa kulia wa nyuma, Dereva kwanza, akasukumwa mpaka mwisho, akaketi upande wa kushoto. Kiti cha Mzee. Hajawahi kukikalia. Fundi akafuata, halafu Mama, kopo mkononi, na kofia ile aliyoiokota mezani bila kuambiwa na mtu.

Gari likawaka. Mzee alishika usukani kwa mikono miwili kama anayeshika beseni la maji. Miaka mingi hajaendesha. Akaweka gea, akakanyaga.

"Kata kulia, Mzee," Dereva alisema. "Kulia kwanza."

Mzee alikata kushoto. Upande wa kitambaa. Upande asiouona.

Ule mlio mliusikia wiki iliyopita, bati na rangi. Huu ulikuwa wa ukuta. Ulianza mbele, ukapita mlango wa kwanza, ukafika mlango wa pili alipoketi Dereva, ukamsaga bega lote kupitia kwenye bati. Klia, rangi, praima, puti, kila kitu alichokitandaza Fundi, vikachubuka mpaka chuma. Ulikuwa mlio mrefu kupita kiasi. Kioo cha pembeni kikavunjika, kikaning'inia.

Gari likazimika.



Mzee alikaa akitazama mbele. Vidole vyake juu ya usukani vilikuwa bado vya kijivu.

"Siwezi," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, mzee kweli. "Naona kunguru juu ya mti, lakini njia siioni."

Kisha akauchomoa ufunguo. Hakugeuka. Alirudisha mkono nyuma juu ya bega lake, ufunguo ukining'inia kwenye vidole, ukielekea kushoto, ukimtafuta mtu ambaye Mzee hakuweza kumwona.

"Nakuruhusu," alisema.

Dereva alinyoosha mkono.

Ulibaki upana wa kidole tu kati ya mkono na ufunguo, simu ilipowaka magotini mwake. Dada yake. Alibonyeza kwa kidole gumba cha mkono mwingine.

"Tunakuja!" alisema. "Tunakuja sasa hivi, dada, niko na gari, nimeruhusiwa!"

Hakukuwa na kelele safari hii. Kulisikika pumzi tu, na mlango wa chuma ukifungwa mahali fulani mbali, na muuguzi akisema kwa sauti ya chini, "Pole sana, mama. Kaa kwanza."

Mama aliacha kuikunja na kuikunjua ile kofia.

"Kaka," dada alisema. Alisema taratibu sana, kama anayemwonea huruma yeye. "Usiharakishe tena."